Moshi wa Kununua

Jumapili, 7 Aprili 2024

Kuku kaungua nje, ndani damu. Mbele ya watu kumi na mmoja. Shemeji alikata paja, akalitazama, akalirudisha kwenye sinia taratibu kama mtu anayefunika maiti. Hakusema kitu. Angesema, ningejibu.

Mguu mmoja wa jiko umeegemea tofali tangu mwaka jana. Leo tofali limeteleza, jiko likainama, mkaa wote ukajikusanya upande mmoja, na upande huohuo ndiko walikolala kuku. Sababu ipo. Sababu hailiki.

Baba Watoto anasema tununue la gesi. "Unabonyeza tu." Mara ya pili mwezi huu. Nikamwambia gesi kwenye mashindano hairuhusiwi, ni mkaa au kuni. Akauliza, mashindano gani?

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba sijamwambia.

Jumatatu, 8 Aprili

Sina zamu. Mguu wa jiko nimeufunga waya. Vitofali vya mkaa nimevipanga pembeni mwa jiko, viwili viwili, nusu duara, kama nyoka aliyejikunja, juu yake vipande vitatu vya kuni za hikori. Nimewasha kichwa tu. Nyoka anatembea mwenyewe, polepole, kuelekea mkiani. Farenhaiti 240. 250. 235. Saa nne nzima sijaongeza kitu.

Saa saba na dakika hamsini mchana mtaa mzima nje, miwani ya karatasi usoni. Jua linaliwa. Ndege kimya. Nilitazama juu mara moja, nikarudi kwenye kipimo. Mzee wa ng'ambo ya barabara akanicheka: mwezi umeziba jua, wewe unaangalia jiko! Nikamwambia jua litarudi lenyewe, moto wangu ukishuka haurudi.

Kumbe hata hili jiko bovu linaweza. Basi nanunua jingine la nini?

Alhamisi, 11 Aprili

D., mwenzangu wa kazi na wa mashindano, amenijibu hilo kati ya mashuka na mashuka. Kwenye mashindano, sisi wa kundi la wapishi wa nyumbani tunapeleka vitu viwili tu. Kuku saa sita kamili. Mbavu saa sita na nusu. Ukichelewa, umekwisha.

Sasa: kuku anataka 325, la sivyo ngozi inakuwa raba, jaji anaivuta na kipande chote kinamfuata kidevuni. Mbavu zinataka 250, na saa tano za utulivu. Nusu saa kati yao. Jiko moja, joto namna mbili.

Nimelala na hesabu hii. Nimeamka nayo. Haijabadilika.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimepitia dukani kabla ya kwenda kulala. Nimeligusa lile la kauri, Big Green Egg. Kijani, nene, zaidi ya kilo sabini. Muuzaji anasema mkaa kidogo tu unakaa usiku kucha; ukiziba tundu la chini na la juu moto unakufa, mkaa uliobaki ni wa kesho. Namwamini. Udongo unatunza joto, nani asiyejua?

Bei, zaidi ya dola elfu. Nikaondoa mkono kana kwamba limeniunguza.

Jiko letu la nyumbani, Mwigobero, la mama la samaki, nalo lilikuwa la udongo. Halikugharimu hata senti. Tulililipia kwa macho.

Halafu hili kulibeba hadi uwanjani ni kazi ya wanaume wanne. Likianguka, vigae. Hapana.

Jumapili, 14 Aprili

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Nimekula. Nikamwambia natafuta jiko la kubanikia. Kimya. Nikadhani simu imekatika.

"La kubanikia nini?"

"Nyama."

"Kwani huko hakuna umeme?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. Akasema, "Nilikusomesha utoke kwenye moshi." Bila hasira. Kama mtu anayetaja bei.

Sikuwa na jibu. Ni kweli. Nilikuwa naoga mara mbili kabla ya kwenda shule na bado dawati zima walijua nimetoka wapi. Niliapa. Na sasa nasoma bei za moshi usiku, simu imefichwa chini ya shuka.

"Nyama gani hiyo?"

"Mbavu, mama."

"Mbavu za nini?"

Nikasema mtandao unasumbua.

Jumapili, 21 Aprili

Mzee wa ng'ambo kaniita nione lake. Bomba kubwa la chuma lililolala, na pembeni kisanduku cha moto. Gogo moja kila baada ya dakika arobaini hivi, usiku kucha. Ana kiti, redio, blanketi, kopo la bia. Kamba za viatu hajafunga tangu jana.

Mbavu zake, jamani. Sitaandika. Nikiandika nitatamani.

Anasema aliyeanzisha haya ya nyama ya moshi Kansas City ni Henry Perry, mtu mweusi aliyetoka Tennessee. Alianza kuuza kwenye uchochoro mnamo 1908, nyama imefungwa kwenye gazeti, senti 25. Niliposikia gazeti nikanyamaza. Mama alifungia sangara kwenye gazeti la Uhuru. Mafuta yakipenya, habari za Bunge zinahamia mgongoni mwa samaki. Nilijifunza kusoma humo.

Nikamuuliza kuhusu yale ya aina hiyohiyo ya bei rahisi, yamejaa maduka ya vifaa. Akatikisa kichwa. Bati jembamba, linavuja kila kiungo, upepo ukipiga unakesha unalilisha kuni na joto halikai. La chuma kinene linataka trela. Trela sina. Usingizi pia sina wa kutoa: natoka zamu saa moja asubuhi. Moto wa kulelewa kama kichanga siuwezi. Nimelea watatu, yatosha.

Jumatano, 24 Aprili

Nimekichomoa kipimo cha mfuniko, nikakichovya kwenye sufuria ya maji yanayotokota. Hapa kwetu maji huchemka kwenye 210 hivi. Kipimo kikasoma 180. Nikakifuta, nikachovya tena. 180.

Miaka miwili namwamini mwongo. Nilipoona 350, ilikuwa 380. Nahesabu kuku wote walioungua, nawaomba radhi mmoja mmoja. Na yule nyoka wangu wa siku ya jua kuliwa, niliyejisifu naye kwa kila mtu? 270, 280 huko. Aibu.

Nimenunua cha nyaya mbili. Waya mmoja unakaa kwenye wavu, palepale nyama inapolala. Mwingine ndani ya nyama. Kule juu kwenye mfuniko hakuna anayepika.

Jumapili, 28 Aprili

Kidari cha ng'ombe, kilo sita. Nimewasha saa kumi usiku. Saa tano asubuhi ndani ni 160. Vizuri. Saa sita, 160. Saa saba, 161. Saa nane, 160! Imerudi nyuma!

Baba Watoto anachungulia dirishani. "Limezima." Halijazima. Nyama inatoa jasho, jasho likikauka linaipoza, kama mtu aliyetoka kukimbia akasimama kwenye upepo. Mpaka maji ya juu yaishe. Najua hivyo, nimesoma, na bado mikono haikutulia. Nimeongeza mkaa. Kila nikiongeza lazima niinue mfuniko, joto lote linaondoka, naanza upya. Ningeifunga kwenye karatasi saa sita ningekuwa nimelala.

Wageni waliitwa saa nane. Tumekula saa mbili usiku. Mchele umepikwa mara mbili.

Lakini kisu kimepita bila kulazimishwa. Mtoto wa mwisho kalamba ubao wa kukatia.

Mama alikuwa akinipiga kofi la mkononi nikimgusa samaki kabla ya wakati. Matone yalikuwa yanaangukia makaa, tss, tss. "Mwache atoe jasho lake."

Ijumaa, 3 Mei

Kaka yake D. ana pipa. Bure! Galoni 55, lita mia mbili na ushee. Nyumbani fundi angelipasua kwa urefu, akachomelea miguu ya nondo, kesho yake unauza mishikaki. Huku wanalisimamisha: mkaa chini, matundu matatu, mbavu zinaning'inia kwa ndoano, mafuta yanadondokea mkaa na harufu inapanda. Nimelipenda mara moja. Pipa ni ndugu yangu.

Nikachungulia ndani. Lina rangi nyekundu kama vanishi. Anasema utawasha moto mkubwa, itaungua yote.

"Lilikuwa na nini?"

"Sijui."

Haya basi. Majaji sita na watoto watatu siwapikii ndani ya sijui.

Nimerudi nyumbani nimenuna kama niliyenyang'anywa.

Jumanne, 7 Mei

Tumegombana kuhusu pesa. Hapana, si pesa. Kuhusu mimi kutomwambia. Kalala mapema.

Saa nne usiku najiandaa kwenda kazini, namkuta nje na tochi, futi mkononi, kichwa ndani ya buti la Corolla. Kaandika vipimo nyuma ya bahasha ya bili ya umeme. Sikumwomba.

"Jiko la inchi 22 haliingii na viti vya watoto. La 18 linaachana vipande vitatu. Linaingia."

Mtu wa gesi! Anajua hata linaachana vipande vingapi.

Niliendesha hadi kazini na redio nimeizima.

Alhamisi, 9 Mei

Nimelipata. Weber Smokey Mountain, la inchi 18. Ni mrija mweusi, tumbo nene na kichwa cha kuba. Chini mkaa, katikati karai la maji, juu nyavu mbili, na kimlango ubavuni cha kuongezea mkaa bila kugusa mfuniko. Kimlango! Dola 120. Mwenyewe anahamia fleti, mkaa barazani marufuku. Anasema mbavu ndefu nizikunje au nizisimamishe kwenye kishikio, vinginevyo zinagusa ukingo na kuungua ncha.

Nikafungua. Masizi. Mafuta yaliyokauka tabaka juu ya tabaka, meusi, yanang'aa. Nikaingiza kichwa.

Mwigobero. Saa kumi na moja asubuhi, mitumbwi inaingia, mama ana kanga kichwani, jivu kwenye nyusi.

Nadhani nilikaa humo muda mrefu. Yule baba aliniuliza kama kuna tatizo.

Jumapili, 12 Mei

Siku ya akina mama hapa. Watoto wamenipa kadi yenye picha ya jiko. Limechorwa na macho.

Moto wa kwanza, aibu ya kwanza. Nilimimina kopo zima la mkaa uliokwisha kuwaka. 325, na halishuki, nimeziba kila tundu halishuki. Kimlango kinavuja, ukingo umepinda. Nikarusha kuni juu, moshi ukatoka mweupe, mzito kama pamba. Kuku mchungu. Ulimi umekufa ganzi.

Nikampigia mama kumtakia heri, nikaishia kulalamika.

"Mweupe mzito?"

"Ndiyo."

"Moto wako haupumui. Umeunyima hewa halafu unautaka upike. Moshi mzuri huuoni, mwanangu. Unausikia puani tu."

Akaendelea. Kuni mbichi, magome, lini uzibe, lini ufungue, kwa nini jivu liondolewe kabla. Dakika kumi na tano. Niliandika mkononi kwa kalamu ya wino kwa kukosa karatasi. Miaka yote kule sikuwahi kufundishwa hata moja kati ya haya. Nikisogea, ananifukuza: kasome.

Sikunawa mkono mpaka usiku.

Jumatano, 15 Mei

Kimlango nimekikunja kwa goti, kimekaa. Mkaa nimeujaza haujawashwa, juu yake vitofali kumi na viwili tu vilivyowaka. Moto unashuka wenyewe ukila njiani. Mbinu hii wanaiita kwa jina la Jim Minion. Nilianza kubana matundu ya chini kwenye 200, kabla halijafika, maana likishapita halina breki. Likatulia 248. Nikaenda kulala. Nikaamka, 251.

Nikalitazama kama mtoto aliyelala usiku mzima kwa mara ya kwanza.

Na moshi? Kwenye tundu la juu hewa inatetemeka tu. Ukiweka anga nyuma yake, labda ubuluu kidogo.

Macho yangu hayawashi. Nimelizingatia hilo leo tu. Mfuniko uko juu, moshi una njia yake, haupiti usoni kwa mtu. Letu la Mwigobero halikuwa na mfuniko. Lilikuwa na gunia.

Jumapili, 26 Mei

Mazoezi, saa mkononi. Kuku kwenye jiko la zamani, mguu wa waya na yote, 325. Mbavu kwenye jipya, 250, vipande vitatu vya mtufaha. Hivyo ndivyo hesabu ilivyokwisha: si jiko moja la maajabu, ni mawili ya kawaida, kila moja na hasira zake. Wiki saba kufika hapo.

Kisanduku cheupe, vipande sita, kila jaji chake. Majani ya kutandika chini: kotimiri na letusi ya kijani. Mimi nilinunua letusi yenye ncha nyekundu, nikaipanga vizuri kweli. D. akaruka kama kaona nyoka. Hiyo ni marufuku! Tumeila na chumvi.

Mbavu zilidondoka kwenye mfupa. Shemeji kala sita, kainamisha kichwa, kaniita dada mara mbili. Sherehe nzima. Kumbe kwa jaji hizo zimepitiliza. Anataka aume, jino liache alama yake, nyama iliyobaki ishike mfupa. Ladha ina uzito kuliko vyote, kisha ulaini, sura mwisho.

Nitoe nusu saa. Au nisizifunge foili muda mrefu. Nusu saa.

Mama kauliza tena siku ya mashindano ni lini. Nikasema mwezi wa sita. Kasema mwezi una siku thelathini.

Ijumaa, 21 Juni, usiku

Uwanjani. Majirani wana trela kubwa kuliko sebule yangu, taa, mapazia, mbwa. Sisi tuna meza ya kukunja, jiko la zamani na lile jipya jeusi. Mtu mmoja kauliza kama hilo ndilo la kupikia au la majaribio.

Mkaguzi kapima nyama, chini ya 40, sawa. Kabla yake huruhusiwi hata kupaka chumvi. D. keshalala kwenye kiti, mdomo wazi.

Jua limezama saa tatu kasoro kumi na tano hivi. Nilikuwa nakata foili. Nikasimama kidogo, mkasi mkononi. Nyumbani saa hii ya Ijumaa tulikuwa tumeshaoga, jiko limezimwa tangu alasiri, jivu limemwagiwa maji, mama anaanza wimbo.

Nikaendelea kukata.

Jumamosi, 22 Juni

Saa kumi na mbili asubuhi, 243. Saa mbili, 250. Saa nne upepo, jirani wa trela anakimbia huku na huku, langu limekaa tu. Kuku tumepeleka zikiwa zimebaki dakika tatu, D. anatembea kama kabeba mayai. Mbavu dakika tano.

Timu ishirini na nne. Kuku, wa 16. Ngozi, najua, ngozi. Mbavu, wa 7! D. kanibeba. Mimi, mtu mzima wa kilo themanini.

Kuna jaji mmoja kanipa 9 ya ladha. Mwingine 6. Midomo ya watu.

Saa tisa alasiri naosha nyavu, simu. Mama. Kwao saa tano usiku, yuko macho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ni leo, sivyo?"

Sikujibu.

"Huku jua limeshazama, mwanangu. Sabato yangu imekwisha. Yako bado."

Maji yanamwagika kwenye viatu vyangu, sikuyafunga.

"Na zile mbavu," akasema, "sikuulizi ni za nini." Nikasikia kiti kinalia, anakaa vizuri. "Nakuuliza mti gani."

"Mtufaha. Na hikori kidogo."

"Ulikuwa mkavu?"

"Mkavu, mama."

"Magome ulitoa?"